Pointi Mbili za Keondra Puckett

Katika shule ya kati ya Cantrell, kusini mwa Georgia, hakuna mtoto aliyemkimbia Bi Vernell Hargrove mara mbili. Si kwamba alikuwa na mbio. Goti lake la kushoto lilistaafu kabla yake. Alisimama pale pale katikati ya korido, mikono kiunoni, redio ya mawasiliano ikining'inia mkandani, akakuita kwa majina yako yote matatu, pamoja na lile la katikati ambalo hukutaka wenzako walijue. Ulirudi mwenyewe. Kwa miaka kumi na tisa alilinda korido za shule hiyo, na katika miaka yote hiyo hakumwekea mtoto mkono isipokuwa kumnyoosha kola.

Nisimpambe kupita kiasi, maana mdomo alikuwa nao. Aliwahi kumwambia mwalimu wa hesabu, mbele ya darasa zima, kwamba suruali yake na viatu vyake vimegombana na havitaki kukutana. Mchungaji wake alishamwomba kwa heshima zote asimsahihishe katikati ya mahubiri. Watu wa Cantrell walimlalamikia sana, na wengi wao waliomlalamikia ndio waliompelekea watoto wao wakisema, Bi Vernell, nitazamie huyu.

Alizaliwa maili nne kutoka hapo shuleni, kwenye mashamba ya mapichi ambako baba yake alivunjika mgongo kwa kazi. Ujanani aliendesha basi la shule, kisha akahamia kwenye korido. Aliolewa na Otha, fundi wa magari, mwanamume mpole asiyejua kusema uongo hata kwa daktari. Sasa figo za Otha zilikuwa zimekufa, na siku tatu kila juma alilazwa kwenye mashine ya kusafisha damu. Bima iliyolipia mashine hiyo ilitoka kwenye kazi ya Bi Vernell. Akitimiza miaka ishirini angestaafu na pensheni yake na bima yake. Ilikuwa imebaki miezi kumi na mmoja.

Ofisi ya shule za wilaya ilikuwa na mradi ulioitwa Mkono wa Mapema. Nia yake ilikuwa njema, nakiri hivyo. Badala ya kusubiri mtoto aingie kwenye uhalifu ndipo ashughulikiwe, ashikwe mkono mapema. Mtoto aliyeingizwa kwenye mradi alipata mwalimu wa kumsaidia jioni, basi la kumrudisha nyumbani saa moja, mfuko wa chakula kila Ijumaa, na kibarua wakati wa likizo ya kiangazi. Kwa mji ambao nusu ya wazazi walifanya kazi za zamu, hiyo haikuwa zawadi ndogo.

Tatizo lilikuwa fomu. Ili mtoto aingie, lazima awe na pointi tano. Kuchelewa shuleni mara kwa mara, pointi moja. Kupigana, mbili. Kuwa na ndugu gerezani, mbili. Kuambatana na kundi la vijana wahalifu, mbili. Mwenye tano alipewa kila kitu. Mwenye nne aliambiwa aendelee na juhudi.

Basi watu wa shule wakajifunza kutia chumvi. Walimu walitia, wapishi walitia, hata nesi alitia. Aliyewafundisha ni Bwana Prather, mshauri wa wanafunzi, kijana mwembamba mwenye tai za katuni. "Bi Vernell," alikuwa akisema, akiisukuma fomu irudi upande wa pili wa meza, "huyu ana pointi tatu. Mimi kwa tatu sina la kumfanyia. Hebu kumbuka vizuri, pengine kuna kitu umesahau." Na Bi Vernell alikumbuka. Hakuna aliyeona kwamba anamdhuru mtoto. Ni kama unapomwambia nesi wa mapokezi kwamba homa imezidi kuliko ilivyo, ili mwanao aitwe upesi.

Ndivyo Keondra Puckett alivyoingia.

Keondra alikuwa na miaka kumi na mitatu, mrefu kwa umri wake, mwenye tabia ya kuchora farasi kila mahali ingawa hajawahi kumgusa farasi. Mama yake, Latrice, alifanya zamu ya usiku kwenye kiwanda cha kuku, kwa hiyo alitoka nyumbani jua likizama na kurudi asubuhi kulala. Bi Vernell alimwona mtoto huyo kwanza kwenye ukumbi wa chakula, akila wima karibu na mapipa ya taka.

"We mtoto, mbona unakula umesimama kama unasubiri basi?"

"Nikikaa wanakuja kukaa."

"Nani?"

"Watu."

Bi Vernell alicheka mpaka redio ikatikisika kiunoni. "Basi njoo usimame huku kwangu. Mimi si watu."

Tangu siku hiyo Keondra alikula chakula chake cha mchana kwenye stoo ndogo nyuma ya jikoni, ambako Bi Vernell alifungasha mifuko ya Ijumaa. Wanafunzi hawakuruhusiwa stoo, na Bi Vernell ndiye aliyetakiwa kuwafukuza. Walipanga makopo ya mahindi na maharage, wakataniana kuhusu farasi. Bi Vernell alidai farasi wa Keondra wote wana miguu ya meza. Keondra akajibu kwamba afadhali miguu ya meza kuliko goti la fulani. Nakwambia, mwanamke mzima alikuwa akitazama saa akingoja chakula cha mchana kifike.

Kwenye fomu, Keondra alikuwa na pointi tatu. Moja ya kuchelewa, mbili za mjomba wake aliyefungwa. Bi Vernell aliifikiria nyumba ile jioni, mtoto peke yake na televisheni, akatia alama kwenye mstari wa kundi la wahalifu. Chini yake palikuwa na swali: umejuaje? Akaandika, nimeona kwa macho yangu. Bwana Prather hata hakusoma. Alipiga muhuri.

Mtoto akapata basi, mwalimu, na mfuko wake. Akanawiri. Latrice alimletea Bi Vernell bakuli la mapichi ya kuoka, bado la moto, akasema, "Ningekuletea kuku, lakini mimi kuku siwezi hata kumtazama."

Agosti, shule zilipofunguliwa, ofisi ya wilaya ilikubaliana na ofisi ya sherifu, yaani polisi wa kaunti, kwamba orodha ya Mkono wa Mapema isomwe na pande zote mbili, kwa ajili ya usalama wa wanafunzi. Wafanyakazi walitumiwa barua pepe ya kurasa sita. Nani asome kurasa sita wiki ya kufungua shule? Waliolijua jambo hilo kwanza ni wazazi.

Alhamisi moja saa nne asubuhi, askari wa sherifu aitwaye Gaddis aligonga mlango wa Latrice, aliyekuwa ndiyo kwanza amepata usingizi. Alikuwa na adabu zake, kofia mkononi. Anapita tu kuangalia hali. Binti anaendeleaje, anatembea na nani, wale wenzake anakutana nao wapi? Latrice akasema binti yake hatembei na mtu. Askari akaandika kwamba mzazi hatoi ushirikiano. Alhamisi iliyofuata akarudi. Ya tatu akamwandikia faini ya majani marefu uani, na ya nne faini ya namba ya nyumba iliyodondoka ukutani. Mwenye nyumba akaanza kumwambia Latrice kwamba hapendi magari ya polisi mbele ya mali yake.

Latrice alimvizia Bi Vernell kanisani, kwenye maegesho.

"Bi Vernell, wewe unamwona kila siku. Mwanangu ana kundi gani?"

Hapo palikuwa mahali pa kusema. Mtu mmoja, maneno machache, jua limewaka. Bi Vernell alitazama funguo za gari mkononi mwake.

"Acha niulizie," alisema.

Jumatatu alimfungia Bwana Prather mlango. "Mtoe mtoto yule kwenye hiyo orodha."

"Sitoi mimi. Kompyuta haina pa kufutia. Jina linakaa mpaka afike miaka kumi na minane."

"Niliyeandika ni mimi. Nasema nilikosea."

"Basi itabidi uandike kwamba ulijaza uongo kwenye hati ya serikali, na usaini." Prather alivua miwani akaifuta. "Inakwenda kwa mwanasheria wa wilaya. Kazi hakuna, pensheni hakuna. Halafu watafungua fomu zote. Watoto hamsini na wawili, Bi Vernell. Ni wangapi kati yao wana pointi tano za kweli?"

"Wewe ndiye uliyetufundisha."

"Najua. Na mimi nina mapacha."

Bi Vernell akatoka. Siku hiyo alimpa Keondra makopo ya kupanga na hakuweza kumtania. Keondra akamuuliza kama goti limezidi, akasema limezidi.

Oktoba, Jumanne, wakati wa chakula cha mchana, mtu fulani aliwasha moto kwenye pipa la choo cha wasichana. King'ora kikalia, shule nzima ikatoka nje. Mtoto mdogo wa darasa la sita alivuta moshi akapelekwa hospitali, akatoka jioni akiwa mzima. Lakini moto shuleni ni moto shuleni. Ofisi ya wilaya ilitaka mtu kabla ya Ijumaa.

Njia waliyotumia ni hii. Walifungua orodha, wakatafuta wasichana waliokuwa kwenye zamu ile ya chakula, wakapata watatu. Wawili walionekana kwenye kamera ya ukumbi. Wa tatu hakuonekana ukumbini wala uwanjani, na kwenye jina lake palikuwa na mstari unaosema anaambatana na wahalifu, umethibitishwa na mfanyakazi kwa macho yake. Keondra akasimamishwa masomo siku hiyo hiyo. Kikao cha nidhamu kikapangwa Jumatano ya wiki iliyofuata. Akipatikana na hatia angehamishiwa shule ya adhabu, jengo lililo nyuma ya gereza la kaunti, ambako watoto wanapekuliwa asubuhi na mchana. Bi Vernell aliwajua wengi waliopelekwa huko. Waliorudi aliweza kuwahesabu kwa vidole vya mkono mmoja.

Mwanzoni alipumua. Keondra hakuwasha moto wowote, maana alikuwa stoo na yeye, makopo ya mahindi mikononi, na king'ora kilipolia walitoka wamefuatana. Atakwenda kikaoni, atasema, yataisha. Atakemewa kwa kumwingiza mwanafunzi stoo, na kukemewa hakujawahi kumuua.

Prather ndiye aliyemwondolea pumzi hiyo, siku moja kabla ya kikao.

"Nani mwingine alimwona stoo?"

"Hakuna. Ndiyo maana ya stoo."

"Kwa hiyo ushahidi wote ni neno lako." Alisema polepole, kama anayetembea kwenye sakafu yenye maji. "Watakuuliza kuhusu fomu. Ukisema fomu ni ya uongo, umejiita mwongo mbele yao. Nani ataamini habari ya stoo? Watasema unamtetea tu, jana uliandika hivi, leo unasema vile. Atakwenda shule ya adhabu, na wewe utakwenda nyumbani."

"Na nikisema fomu ni ya kweli?"

"Wataamini yote mawili."

Alirudi nyumbani akapika samaki na uji mzito wa mahindi, akamwekea Otha chakula chake kisicho na chumvi, akakaa bila kula. Otha alimtazama sana.

"Una nini, mke wangu?"

"Goti."

"Goti halinyamazi hivyo."

Hakumwambia. Alijua Otha angesema, sema ukweli, Vernell, bila hata kuweka kijiko chini. Na alijua nani angeulipia ukweli huo kwa damu yake. Mimi nimejiuliza mara nyingi kama alichokiamua kilikuwa cha kumwokoa mtoto au cha kuiokoa mashine ya Otha. Kwa haki, hata yeye hakuweza kuvitenganisha, na hilo ndilo lililomtia uchungu kuliko yote. Angekuwa anajiokoa peke yake angejidharau, akamaliza. Angekuwa anamwokoa mtoto peke yake angelala.

Kikao kilifanyika kwenye ofisi ya wilaya, chumba cha zulia jipya na harufu ya kahawa. Mwenyekiti alikuwa Dokta Whitlow, mama wa makamo mwenye sauti ya upole, na pembeni yake wajumbe wawili wasiosema. Askari Gaddis alikaa karibu na mlango. Latrice alikuja moja kwa moja kutoka zamuni, alama ya kofia ya kiwandani bado imemchora paji la uso. Keondra alivaa gauni lake la kanisani na alikuwa ameficha mikono chini ya mapaja.

Bi Vernell alieleza habari ya stoo tangu mwanzo, saa na dakika. Aliieleza vizuri, kwa sababu ilikuwa kweli. Aliona mjumbe mmoja akitikisa kichwa kukubali. Latrice alianza kulia kimya kimya.

"Asante, Bi Hargrove," alisema Dokta Whitlow. "Miaka kumi na tisa si mchezo, na neno lako lina uzito hapa. Jambo moja tu nataka liwe wazi." Akageuza karatasi. "Hii ni fomu yako. Umeandika kwamba Keondra anaambatana na kundi la vijana wahalifu, na kwamba umeona kwa macho yako. Sasa leo unamtetea. Nikuulize, ulichoandika ni kweli?"

Chumba kilikuwa na saa ya ukutani na Bi Vernell aliitazama. Aliona Keondra amenyanyua kichwa. Mtoto hakuwa na wasiwasi hata kidogo. Alikuwa anangoja kusikia Bi Vernell akisema hapana, kama mtu anavyongoja chenji yake dukani.

"Ni kweli," alisema Bi Vernell.

"Umeona mwenyewe?"

"Niliona mwenyewe."

"Na bado unasema siku ya moto alikuwa na wewe."

"Alikuwa na mimi. Ningekuwa namtetea tu, Dokta, hilo la kundi si ningelikana?"

Alisikia sauti yake ikisema hivyo, ile sauti ya korido, kavu, yenye uhakika. Dokta Whitlow alitabasamu kwa mara ya kwanza. Gaddis akaandika kitu kwenye kijitabu chake.

Hawakukaa hata dakika ishirini. Keondra hakuhusika na moto. Arudi darasani kesho. Kwa kuwa uhusiano na kundi umethibitishwa na shahidi mwenye kuaminika, ziara za askari nyumbani zitaendelea, na zitakuwa mara mbili kwa wiki.

Nje kwenye korido Latrice alimkumbatia Bi Vernell kwa nguvu, akinuka dawa ya kuoshea sakafu za kiwandani. "Umeniokolea mwanangu," alisema. "Na umenifumbua macho, Mungu akulipe. Mimi kila Alhamisi nasimama mlangoni nabishana na yule askari kama mwendawazimu. Nasema mwanangu hana mtu. Kumbe mimi ndiye nisiyejua, nimelala tu." Akajifuta uso, akamgeukia binti yake, na uso ukabadilika. "Tangulia kwenye gari. Leo utanitajia mmoja mmoja."

"Mama, mimi sina..."

"Bi Vernell ameona kwa macho yake. Bi Vernell ni mwongo?"

Keondra alimtazama Bi Vernell. Dokta Whitlow alikuwa amesimama mlangoni na kikombe chake, akingoja kumpa Bi Vernell mkono, na Gaddis nyuma yake akitafuta kofia. Latrice alitangulia akitoa funguo. Mtoto akabaki nyuma kidogo, akasogea mpaka bega lake likagusa koti la Bi Vernell.

"Bi Vernell," alisema chini chini, "nipe hata jina moja."

"Jina la nini, mwanangu?"

"La hao. Mama ataniuliza mpaka nyumbani, na mimi sijui nimtaje nani."

Bi Vernell alimtazama Dokta Whitlow, naye Dokta Whitlow akamtazama kwa upole.

"Mwambie hukumbuki," alisema Bi Vernell.

"Hataniamini."

"Najua."

"Sawa, Bi Vernell," alisema Keondra, kwa heshima kama alivyolelewa, akaenda.

Dokta Whitlow akaja akampa mkono, akasema wilaya ina bahati ya kuwa na watu kama yeye. Bi Vernell aliitikia. Kupitia kioo cha mlango aliliona gari la Latrice likiwa bado limesimama, injini haijawashwa. Latrice alikuwa amegeuka kwenye kiti, anauliza. Keondra akatikisa kichwa. Latrice akauliza tena.